Nyumba ya Kwanza ya Mtoto

Niliamshwa na sauti ya zipu. Ilienda kidogo, ikakwama, ikarudi, ikaenda tena. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Nilinyoosha mkono kwenye kitanda kidogo cha mtoto, nikamkuta ametulia, shavu lina joto. Ndipo nikaona mwanga wa simu sakafuni. Binti yangu Kafiya alikuwa amepiga magoti mbele ya begi langu, anakunja nguo zangu.

"Lala, hooyo," alisema kwa sauti ya chini. Hooyo kwetu ni mama. Mume wake Abdiaziz alikuwa bado amelala chumba cha pili, kwa hiyo aliweza kuniita hivyo. "Nakupangia tu. Teksi itakuja saa kumi na mbili."

"Leo ni siku ya thelathini na sita. Nani atakukanda mgongo siku zilizobaki?"

"Niko sawa sasa. Wewe nenda ukatayarishe nyumba. Jumamosi tunakuja."

Alikunja shali yangu mara mbili, halafu mara ya tatu, vile nilivyomfundisha akiwa mdogo. Moyo wangu ulijaa. Nilijiambia, tazama mtoto huyu. Mzazi hana usingizi wa kutosha, na huo kidogo ameukatiza ili mimi nisihangaike na begi.

Sisi Wasomali mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hafui, hatoki langoni. Mama yake humkanda kwa mafuta, humpikia supu ya mbuzi na uji, hufukiza ubani, na usiku humpokea mtoto ili mzazi alale. Siku ya arobaini anaoga, anapakwa hina, anatoka na mtoto kwa mara ya kwanza. Nyumba ya kwanza mtoto kuingia huwa ya nyanya yake, mama ya mama. Mtoto akishapita mlango huo, hakuna wa kuuliza tena nyanya yake ni nani.

Na hilo ndilo nililokuwa nikilingoja, kwa sababu Abdiaziz hakujua kwamba nyanya ni mimi.

Mwaka wa ule ukame mkubwa tulikuwa kule kaskazini mashariki, na ng'ombe wetu waliisha wote. Mume wangu Bulle alikuwa amekuja huku Kajiado kutafuta kazi kwenye soko la mifugo. Mimi nilibaki na Kafiya, miaka kumi, amekonda hadi magoti yake yalionekana makubwa kuliko mapaja. Wadogo zake wawili nilikuwa nimeshawazika. Karibu nasi palikuwa na kambi ya wakimbizi. Ndani ya waya kulikuwa na chakula. Nje ya waya tulikuwa sisi wananchi, na hatukuwa na kitu.

Muno alikuwa mkimbizi wa ndani ya kambi. Tulijuana kisimani. Kadi yake ya chakula ilikuwa na watoto wanne, na mmoja alikufa wiki mbili kabla ya siku ya kuhesabiwa. Akaja kwangu, macho bado yamevimba kwa kilio, akasema, "Sirad, nipe Kafiya nisimame naye kwenye foleni. Afadhali ale chakula cha mwanangu kuliko kirudi stoo."

Nilimpa. Vidole vya Kafiya vikachukuliwa alama, akaandikwa binti wa Hanad, mume wa Muno. Familia nyingi zilifanya hivyo. Hatukuona kama ni uongo. Tulisema ni kukopeshana mtoto. Kila jioni Kafiya alirudi kwangu ameshiba, na mfukoni mwake kulikuwa na mahindi ambayo Muno alimpa aniletee.

Baada ya miaka miwili ile kadi iliitwa kwenda Amerika. Kadi nzima, na kila jina lililokuwa ndani yake. Kumtoa Kafiya kungezua maswali, na safari ya wote ingekufa. Bulle alilia kwenye simu. Mimi nilisema aende, atasoma, atarudi. Nilimsindikiza mpaka kwenye waya. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Nikaja Kajiado kwa mume wangu. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili, nikaanza kuuza maziwa na chai karibu na soko, Kiswahili nikajifunza hapo hapo kwa wateja. Mwanzoni Muno alipiga simu kila Ijumaa. Halafu simu zikapungua, zikakatika, na Kafiya akasema Muno amebadilisha namba. Bulle alipofariki Kafiya hakuweza kuja. Alituma ujumbe mrefu ambao jirani alinisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuweza kuusikiliza.

Alirudi mwaka juzi, na mume. Abdiaziz alifungua duka la vifaa vya ujenzi Kitengela. Siku ya kwanza Kafiya alikuja kwangu peke yake, akakaa kitandani, akashika magoti yangu. Alisema aliyemwoza ni Hanad, na ukoo wote wa mume unamjua kama binti wa Hanad. Alisema anaogopa karatasi zake za Amerika. Anaogopa kuitwa mwongo.

"Nimemwambia wewe ni habaryar," alisema. Habaryar ni mama mdogo. "Dada ya Muno. Ni kwa muda tu, hooyo."

Nilikubali. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na mitano bila kumwona. Kuitwa mama mdogo lilionekana jambo dogo. Alipopata mimba alichukua mkono wangu, akauweka tumboni. "Mtoto akitimiza arobaini nitamleta kwako kwanza," alisema. "Nikipita mlango wako nitamwambia Abdiaziz ukweli, mbele yako." Sikumwomba. Aliahidi mwenyewe.

Basi asubuhi ile ya Jumanne teksi ilifika. Abdiaziz aliamka akakimbia nje na kikoi na fulana, akalichukua begi langu.

"Habaryar, kwa nini teksi? Nitakupeleka mimi."

"Lori la simiti linafika dukani saa moja," Kafiya alimjibu haraka kutoka mlangoni.

Abdiaziz alikuna kichwa. Alirudi ndani, akaja na katoni ya tende, akaiweka kwenye kiti cha nyuma kando yangu ili isianguke. "Umemtunza mke wangu vile hata mama yake asingeweza," aliniambia. Ana moyo mzuri kijana huyo. Nilimtazama Kafiya. Alikuwa anamfunika mtoto uso.

Siku tatu nilifanya kazi. Nilipaka chokaa ukuta wa mbele, nikafua mapazia, nikanunua mkeka mpya. Jirani yangu Syokau, Mkamba anayeuza mboga kando ya meza yangu sokoni, alifunga biashara yake Ijumaa nzima aje kunisaidia. Alikuwa anajua kila kitu. Yeye ndiye aliyenisomea ule ujumbe wa kifo.

"Mama Kafiya, wewe unapaka chokaa kama bwana arusi ni wako," alisema, akinishikia ngazi.

"Nyamaza, shika vizuri."

"Nashika. Ukianguka nitaambia nini huyo mjukuu? Kwamba nyanya alikuwa mzuri lakini alipenda kupanda juu?" Alicheka peke yake. Halafu akauliza, "Na kijana akikasirika?"

"Atakasirika. Halafu atakula."

"Hapo umesema."

Kajiado nzima inaniita Mama Kafiya. Hapa mtu akiwa na mtoto huitwa kwa jina la mtoto huyo, na mimi niliwaambia jina hilo siku ya kwanza nilipofika, ndiyo likawa langu. Ndiyo sababu Kafiya hakuwahi kumleta mume wake hapa. Siku zote mimi ndiye niliyeenda Kitengela.

Jumamosi wali ulikuwa tayari saa nne. Nyama ilikuwa laini. Nilifukiza ubani, nikavaa dirac yangu ya kijani, gauni la sherehe, nikakaa mlangoni. Saa sita nilifunika sufuria kwa taulo. Saa nane nilipasha tena. Mama Nashipai, Mmasai wa nyumba ya tatu, alipita na kibuyu cha maziwa mgongoni, akasimama. "Sopa, yeyo," alinisalimia. Yeyo kwao ni mama. Aliniona nilivyovaa, akanimiminia kikombe bila kuuliza lolote, akaenda. Sitasahau kikombe hicho.

Nilikuwa nimempigia Kafiya mara tano. Saa kumi nilimpigia Abdiaziz.

Alipokea akicheka, na nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake na vigelegele. "Habaryar! Uko wapi? Tunakungoja tangu asubuhi!"

"Mnaningoja wapi?"

"Laiser Hill, kwa jamaa za ayeeyo." Ayeeyo ni nyanya. "Mama Muno amefika kutoka Amerika tangu Jumatano! Alilala chumba kile chako, halafu akaja huku kutayarisha. Mtoto ameingia hapa asubuhi, amepakwa manukato, amelala kwa mikono ya kila mtu. Kafiya alisema unaumwa na mgongo, lakini nilitumaini utakuja. Hakukwambia tuko huku?"

Nilikuwa nimesimama. Nilikaa.

"Alinitajia," nilisema. "Ni mgongo kweli."

"Aliyemkatia tiketi ni Kafiya mwenyewe, kama zawadi. Tangu mwezi wa pili! Alikuficha upate kushangaa, eh?"

"Nimeshangaa," nilimwambia.

Mwezi wa pili. Alipouweka mkono wangu tumboni mwake ulikuwa mwezi wa tatu.

Syokau alikuja akanikuta nimevua dirac. Alichukua sufuria, akaanza kugawa wali kwa mabakuli, akapeleka nyumba hadi nyumba, ili usiharibike. Aliporudi aliosha vyombo vyote, akaenda kwake.

Jumapili, baada ya adhuhuri, gari la Abdiaziz lilisimama nje. Nilikuwa nimevaa nguo ya kazi. Alishuka Muno kwanza. Amezeeka, kama mimi, anatembea kwa kuegemea upande, mguu mmoja unamsumbua. Alinishika mabega, akaweka mdomo kwenye sikio langu.

"Jana nilimsikia kijana akisema habaryar kwenye simu," alininong'oneza. "Nikamwuliza Kafiya, habaryar gani yuko Kajiado? Wallahi, Sirad, nilidhani mume wake alijua tangu siku ya kwanza. Tiketi ilisema njoo kwa arobaini. Nilidhani arobaini ni hapa kwako; nilipofika Kafiya akasema unaumwa, ndiyo tukatayarisha kwa jamaa zangu. Nimemwambia leo lazima aje, aseme."

Nilimwamini. Ni yule yule wa mahindi mfukoni. Nilikuwa nimekesha usiku kucha nikimkasirikia, na sasa hasira ile ilikosa mahali pa kukaa. Ilibaki na mtu mmoja tu.

Kafiya aliingia na mtoto. Hina mikononi mwake ilikuwa bado nyekundu sana. Hakunitazama. Abdiaziz alivua viatu, akasifu ukuta, akasifu mkeka, akaomba msamaha mara tatu kwamba jana hakunifuata na gari. "Ni makosa yangu, habaryar. Ningeacha wageni nije."

Tulikaa. Muno alimtazama Kafiya. Mimi nilimtazama Kafiya. Alimlaza mtoto magotini, akafungua mdomo, na kwa Mungu naapa nilidhani yuko tayari.

Mlango ukasukumwa. Ni Syokau, na kuku mkononi, miguu imefungwa kamba. Alikuwa ameona gari, akadhani mambo yamesemwa, furaha yake ikamtangulia.

"Mama Kafiya! Si wamekuja! Nilikuambia watakuja! Nimeleta kuku wa mjukuu!"

Abdiaziz alisimama kumpokea kuku, kwa adabu, akicheka. Halafu akageuka. "Mama Kafiya?"

Syokau alituangalia mmoja mmoja. Alielewa, lakini alikuwa amechelewa.

Mlango ulikuwa wazi sasa. Hakuna aliyehitaji kuubisha. Kafiya angesema tu ndiyo. Neno moja, na mengine yangefuata polepole, na sisi wawili wazee tulikuwa hapo kumshikilia.

Alicheka. "Ah, watu wa hapa," alimwambia mume wake. "Habaryar hakujaliwa kuzaa. Alikuwa akinitaja mimi sana nikiwa mbali, ndiyo wakampa jina langu."

Neno hilo lilitoka bila kukwama popote.

Abdiaziz aliweka kuku chini. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, uso wake umejaa huruma, akachukua mtoto magotini mwa mke wake, akamweka mikononi mwangu. "Pole, habaryar. Sikujua. Basi huyu ni mjukuu wako pia. Usiseme huna."

Muno alisema, "Abdiaziz, mwanangu, ngoja..."

Nilimbana Muno goti kwa mkono, kwa nguvu, akaishia hapo. Watu wataniuliza kwa nini. Muno angesema, na ukweli ungekuwa umetoka, lakini ungetoka kwake. Mimi nilikuwa sihitaji kuambiwa na Muno kwamba nimezaa. Neno hilo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi pale, anarekebisha shungi.

Nilimshika mtoto hadi akaguna. Alinukia manukato ya nyumba nyingine. Nikamrudisha kwa baba yake, nikaenda jikoni kutengeneza chai. Kafiya alinifuata.

"Hooyo," alininong'oneza. "Nisamehe. Nilishikwa na hofu. Nipe muda kidogo tu."

"Muda wa nini?"

"Karatasi za Abdiaziz za Amerika bado zinashughulikiwa. Na watu wake..."

"Ulipoahidi zilikuwa zinashughulikiwa. Watu wake walikuwa ni wale wale."

Nilimimina chai kwenye thamosi.

"Ungesema jambo lingine lolote, Kafiya. Ungesema ulikaa kwangu. Ungesema ni utani wa soko. Umesema sikuzaa. Wadogo zako uliwaona wakizikwa. Ulishika taa."

"Limetoka tu mdomoni."

"Na tiketi? Nayo imetoka tu mdomoni? Uliikata mwezi wa pili, halafu ukaja kunishikisha tumbo."

Alianza kulia, akiziba mdomo kwa shungi ili asisikike sebuleni. "Nilitaka mtu wa kunikanda, hooyo. Nilitaka uwe wewe. Nilijua ukikosa ahadi hutakuja kukaa siku zote hizo."

"Ningekuja," nilimwambia. "Ningekuja bila ahadi. Hata nikiwa habaryar."

Hilo nadhani ndilo lililomuumiza, kwa sababu alishika ukingo wa meza. Mikono yangu ilitaka kumshika, ilizoea siku thelathini na sita za mgongo wake. Niliishikisha thamosi.

"Hooyo..."

"Usiniite hivyo jikoni. Kama huwezi kuniita hivyo pale kwenye mkeka, basi hata hapa usiniite."

Alifuta uso kwa maji ya ndoo. Tukatoka na chai. Abdiaziz alikunywa vikombe viwili, akasema hajawahi kunywa chai ya tangawizi nzuri kama hii, akamwuliza Syokau mambo ya bei ya sukuma wiki, na Syokau akamjibu kwa upole, maskini, macho yake yamejaa maji. Wakati wa kuondoka Abdiaziz alisema Jumapili ijayo atakuja yeye mwenyewe kunichukua twende Kitengela. Nilimwambia Mungu akipenda. Kafiya alipita mbele yangu na mtoto, akasimama kidogo, midomo ikasogea. Nilingoja, hata baada ya yote hayo nilingoja. "Kwaheri, habaryar," alisema, akaingia garini.

Muno alibaki nyuma, kwa sababu ya ule mguu. Nilimshika mkono tukatembea hatua zake.

"Usinichukie," aliniambia.

"Wewe ulimlisha. Nitakuchukia vipi?"

"Nilimwambia kila mwaka, una mama. Kila Idi nilimwambia. Sijui nilikosea wapi."

"Unarudi lini?"

"Wiki tatu zijazo."

Tulikuwa tumefika. Dirisha la nyuma lilikuwa limefunguliwa nusu na Kafiya alikuwa ameketi hapo hapo, ameinamisha kichwa kwa mtoto. Sikushusha sauti yangu.

"Basi njoo tena kabla hujaenda," nilimwambia Muno. "Njoo peke yako, ulale siku mbili. Mimi nilimwacha kwenye waya akiwa na miaka kumi na miwili. Ile mingine yote uko nayo wewe. Akiwa na kumi na tatu alikuwa anapenda nini, akiugua nani alikesha naye, alilia mara ngapi, alimlilia nani. Njoo uniambie, Muno. Njoo tena."